Wiki ya Kumi na Tatu

Zhanxi maana yake ni "magharibi ya stesheni", basi. Jina halina pambo zaidi ya hilo. Ukitoka Stesheni ya Reli ya Guangzhou, China, iliyofunguliwa mwaka 1974, ukafuata upande wa machweo, dakika chache tu umeshazama ndani ya maghorofa ya bei za jumla: saa za mkononi, jinzi, viatu, mikoba, mashati yaliyofungwa kwa madazeni. Muuzaji hakuulizi jina. Anakusogezea kikokotoo, unaandika bei yako, anaifuta, anaandika yake. Wenzetu wengi kutoka Afrika hulala mitaa ya Xiaobei au Sanyuanli, ambako utapata wali wenye viungo vya nyumbani, na asubuhi huteremka Zhanxi na orodha mfukoni.

Kwa miaka minne kazi yangu hapo ilikuwa kukagua mizigo. Mfanyabiashara wa Kariakoo huja, huzunguka siku tatu nne, huchagua shati, hupatana bei, hulipa sehemu ya fedha na kurudi nyumbani. Lile shati moja alilolichagua tunalitia sahihi kwenye lebo kwa wino usiofutika, yake na ya muuzaji, kisha nalitunza mimi. Hiyo ndiyo sampuli. Wiki mbili tatu baadaye mzigo unashuka godauni, nami naenda na sampuli mkononi. Nafungua maboksi, nalinganisha uzito wa kitambaa, mshono, vifungo. Nasugua rangi kwa kitambaa kibichi nione kama inatoka. Nikiridhika natia sahihi, na kontena linafungwa.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilipitisha mashati 1,200 ambayo sikupaswa kuyapitisha. Nilifungua maboksi matatu ya juu, nikayakuta sawa na sampuli, nikasaini. Kule Dar es Salaam mwenye mzigo alipofika boksi la kumi akakuta kitambaa chepesi kama chandarua na kola zinazojikunja zikifuliwa mara moja. Alinipigia simu akilia. Fedha ile ilikuwa ya mkopo. Nilikwenda kumkabili mwenye kiwanda, naye akaniambia jambo ambalo halijanitoka mpaka leo. Sampuli, alisema, ilishonwa na fundi wake bora, peke yake, bila haraka, kwa kitambaa kilichokuwapo siku ile. Haikuwa ya uongo. Nilitembea kurudi nikilitafuna neno hilo. Ni kweli, sampuli ilisema ukweli kuhusu sampuli. Mimi ndiye niliyeilazimisha izungumzie mashati 1,200 ambayo haikuwahi kukutana nayo.

Yote haya yalinirudia siku mama aliponitumia picha ya boksi la dawa.

Mama ana miaka 58, anaishi Tanga. Kliniki walikuwa wamempima na kumwambia kwamba mafuta kwenye damu yake yako juu. Usiku joto linampanda ghafla, anaamka shuka limelowa. Jirani yake alikuwa ameletewa kutoka China vidonge vya akina mama waliokoma hedhi, na alivisifu: joto limetulia, na kwa maelezo ya aliyevileta, mishipa ya damu nayo inasafishwa. "Mwanangu," mama aliandika, "si uko hukohuko vinakotoka."

Nilivipata kwenye duka la dawa mitaa miwili nyuma ya Zhanxi. Kabla ya kununua nilimpelekea ile karatasi ya maelezo kijana mmoja kutoka Kigoma aliyekuwa akisomea udaktari Guangzhou na anayekisoma Kichina vizuri. Aliipitia mara mbili. Ndani yake, alisema, mna kitu kinachofanya kazi kama homoni ya kike, estrojeni. Kimejaribiwa kwa sungura majike waliotolewa mifuko ya mayai, wakalishwa chakula chenye kolesteroli kwa wiki 12. Waliopewa dawa mishipa yao ilikuwa na mafuta machache kuliko wenzao. "Inawezekana ni kweli kabisa, dada," alisema, kisha akatumia neno langu la kazini: "Lakini hii ni sampuli."

Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni nani mwingine aliyewahi kusafiri na sampuli hii, na mzigo ulipofika ulikuwaje.

Safari inaanzia St. Petersburg mwaka 1913. Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura kolesteroli iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti, na mishipa yao mikubwa ikajaa utando wa mafuta unaofanana na ule unaoonekana kwa watu. Ugonjwa huo, wa mishipa kujengeka mafuta ndani na kukakamaa, madaktari huuita atherosklerosisi. Jaribio lilikuwa kubwa, na mpaka leo linaheshimiwa kwa haki. Lakini sungura ni mla majani. Katika maisha yake hakutani na kolesteroli kwenye chakula, na ukimpa, mwili wake haujui pa kuiweka. Panya ukimlisha vivyo hivyo hukaa karibu bila dosari. Kwa hiyo tangu mwanzo jibu lilitegemea umemuuliza mnyama gani.

Swali la homoni lilitoka wodini. Kila daktari aliona wanaume wakianguka kwa mshtuko wa moyo katika umri wa miaka 45 au 50, ilhali wake zao wakichelewa miaka kama kumi. Kitu gani kinawakinga? Katika Hospitali ya Michael Reese mjini Chicago, Ruth Pick, Jeremiah Stamler, Simon Rodbard na Louis Katz waliwalisha vifaranga wa kuku kolesteroli na kuwapa baadhi yao estrojeni. Mwaka 1952 walitangaza walichokiona: mishipa ya moyo ya waliopewa homoni ilikingwa. Mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, aota, haukukingwa. Ni ndege yuleyule, damu ileile, dawa ileile, na mshipa mmoja unasema ndiyo, mwingine unasema hapana. Mimi ningelipata boksi la namna hiyo godauni, nusu sawa na sampuli na nusu siyo, nisingelifunga kontena siku hiyo. Wao pia hawakulifunga. Waliendelea kupima kwa miaka. Matumaini, hata hivyo, yalishatoka nje ya maabara.

Kuku yuko mbali na mtu. Watafiti wengine wakatafuta mnyama wa karibu zaidi, na walimfuata kwetu, Afrika Mashariki.

Darajani ni kituo kwenye reli ya zamani ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, kati ya Mtito Andei na Kibwezi, katika nchi ya Wakamba yenye vumbi jekundu na mibuyu. Aliyepita barabara ile anawajua nyani wake: wanakaa kando ya lami kama wazee wa baraza, wakitazama mabasi. Katika miaka ya 1950 Nicholas Werthessen wa taasisi ya utafiti ya Southwest, San Antonio, Texas, alikuja kuwatafuta hao. Aliungana na Henry McGill, Jack Strong na Russell Holman kutoka chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, na mwaka 1960 wakachapisha katika jarida la Circulation Research makala kuhusu mishipa ya nyani wa Kenya. Walikuta michirizi ya mafuta ndani ya aota za nyani wa porini, inayofanana na ile ya hatua za mwanzo kwa binadamu. Nyani hao walikula matunda, mizizi, mbegu na panzi. Ile hali mbaya ya mwisho, ya vidonda vinavyopasuka na kuziba mshipa, hawakuikuta.

Majina manne yako juu ya makala ile. Ya waliotega mitego, waliobeba vizimba juani, waliojua kundi hili linalala mti gani na linashuka saa ngapi, hayamo. Sisemi hivi kwa kulaumu. Ndivyo makala za sayansi zilivyoandikwa, na nyingi bado zinaandikwa hivyo. Ila katika kazi yangu nimejifunza kuuliza mapema: nani ameshika mzigo kwa mikono yake? Huyo ndiye anayejua.

Nyani wa Kenya walisafirishwa hadi San Antonio, na huko likajengwa kundi kubwa la uzazi kwa ajili ya utafiti. Mwaka 1977 McGill na wenzake walichapisha jaribio la estrojeni na atherosklerosisi kwa nyani wa aina hiyohiyo. Swali lililoanzia kwenye vifaranga wa Chicago lilikuwa sasa linaulizwa ndani ya mishipa ya nyani ambao asili yao ni nyika ya Ukambani.

Na kile walichokiona Darajani kilistahili kumtuliza kila mwenye haraka. Kama nyani wa porini ana michirizi ya mafuta na hafi kwa moyo, basi mafuta kwenye mshipa na kifo cha moyo ni vitu viwili, na kati yao kuna safari ndefu. Mwaka mmoja kabla ya makala ile ya nyani, 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones walikuwa wameandika katika Lancet kutoka Uganda kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra mno kwa Waafrika waliowachunguza, huku ukiwa wa kawaida kwa majirani zao wenye asili ya Asia, mji uleule, jua lilelile. Wakati huo kolesteroli ilikuwa kipimo cha kusomwa pamoja na vipimo vingine vingi. Kuna waliotaka iwe kipimo kimoja kinachotosha.

Mwaka uleule wa 1960, wakati makala ya nyani inatoka, dawa iliingia sokoni Marekani. Iliitwa MER/29, jina lake la kitaalamu ni triparanoli. Kampuni ya William S. Merrell ya Cincinnati, Ohio, ilikuwa tayari ikiuza estrojeni ya kutengenezwa kiwandani iitwayo klorotrianiseni, na wanakemia wake walikuwa wakiibadilisha molekuli ya ukoo huo hapa na pale waone inazaa nini. Mojawapo ya watoto wake ilionekana kushusha kolesteroli kwa wanyama, tena bila kumfanya dume aote matiti. Fikiria furaha iliyokuwa katika jengo lile. Kinga ya mwanamke bila umbo la mwanamke, ndani ya kidonge, kwa mwanaume wa miaka 50 anayeogopa moyo wake.

Namba zilishuka kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Aliyepima damu ya mgonjwa kabla na baada aliona kolesteroli imepungua, na hakuna aliyemdanganya. Mwili hutengeneza kolesteroli kwa hatua nyingi kama kiwanda chenye mafundi waliokaa mstari mmoja, na triparanoli ilimsimamisha fundi wa mwisho kabisa. Bidhaa ikabaki hatua moja kabla ya kukamilika. Inaitwa desmosteroli. Mapema katika miaka hiyohiyo Joel Avigan, Daniel Steinberg na wenzao katika taasisi za taifa za afya za Marekani walionyesha kwamba desmosteroli hiyo inarundikana, katika damu na katika tishu. Mzigo ulikuwa palepale, umebadilishwa lebo.

Wanyama nao walikuwa wakisema. Panya na mbwa waliopewa dawa hiyo walipata mtoto wa jicho. Kampuni nyingine, Merck, iliyoitumia MER/29 ili kuilinganisha na dawa yake yenyewe, iliona macho ya wanyama wake yakiingia ukungu na ikawajulisha Merrell. Kisha watu: nywele kubadilika rangi na kukatika, ngozi kukauka na kupasuka kama magamba, na macho yaleyale ya panya sasa kwenye nyuso za watu. Wamarekani wapatao 400,000 walikuwa wameshaitumia.

Nimesoma habari hii mara nyingi, na kila mara nakwama kwa mtu mmoja. Beulah Jordan alikuwa fundi wa maabara katika kampuni ile. Kazi yake ilikuwa kushughulika na kima waliokuwa wakipewa dawa: kuwapima uzito, kuandika. Aliagizwa abadilishe takwimu, kima aliyekuwa anaumwa na kukonda asionekane alivyo, na mwingine awekwe mahali pake katika chati. Alipolalamika akaambiwa afanye alivyoagizwa. Aliacha kazi. Mambo yalikaa hivyo, dawa ikapata kibali na kuuzwa, mpaka mumewe, aliyekuwa akienda kazini gari moja na mkaguzi wa mamlaka ya chakula na dawa, akamsimulia safarini. Aprili 1962 wakaguzi waliingia Cincinnati, wakafungua madaftari ya maabara, wakayalinganisha na yaliyowasilishwa serikalini. Mwezi huohuo dawa ikaondolewa sokoni. Mwaka 1964 kampuni haikupinga mashtaka, ikatozwa faini ya dola 80,000, na maofisa watatu wakapewa muda wa uangalizi bila kufungwa. Kesi za waliodhurika zilifika mamia mengi. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiomba kibali cha kuuza Marekani thalidomaidi, dawa iliyolemaza watoto tumboni, na Dakta Frances Kelsey wa mamlaka ileile akakataa kukisaini.

Mpango wa MER/29 kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Wanakemia walikuwa hodari, wazo lilikuwa na mantiki, na kolesteroli ilishuka. Ulivunjikia mezani kwa mwanamke mwenye mizani na daftari, aliyeona kima anakonda na akaambiwa asione. Nimesimama kwenye godauni saa nne usiku, dereva wa kontena anapiga honi nje, ajenti ananiambia "saini tu dada, meli haisubiri". Najua uzito wa kalamu wakati huo. Niliposaini yale mashati 1,200 hakuna aliyenishika mkono. Yeye alishikwa, na bado akatoka.

Estrojeni yenyewe, ile halisi, ilikuwa bado haijapimwa kwa watu kwa kiwango kinachotosha. Mradi mkubwa wa dawa za moyo wa Marekani ulianza mwaka 1966 ukiwa na wanaume 8,341 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, katika vituo 53. Baadhi yao walipewa estrojeni. Dozi ya juu ilisimamishwa mwaka 1970, kwa sababu waliokuwa wakiimeza walikuwa wakipata mshtuko wa moyo na damu kuganda zaidi ya wasioimeza. Dozi ya chini ilisimamishwa mwaka 1973. Vifaranga wa Chicago walikuwa wamesema ukweli wa vifaranga.

Basi labda kosa lilikuwa kuwapa wanaume homoni ya wanawake? Ndivyo wengi walivyosema, na hoja ilikuwa na nguvu. Kule Winston-Salem, North Carolina, Thomas Clarkson na wenzake walifanya kazi ya makini ya miaka mingi kwa kima majike wa Asia. Nitasema neno la kando hapa: mkoa wa Guangdong, ambao Zhanxi imo ndani yake, ni mojawapo ya mahali panapofugwa kima wa maabara kwa wingi, na mwaka 2020 China iliposimamisha kuwauza nje, maabara za nchi za mbali zilihangaika. Kima ni bidhaa, ina bei na vyeti vya afya, na husafirishwa kama mzigo mwingine wowote unaotoka mkoa huu. Tuendelee. Clarkson aliona kwamba kima aliyetolewa mifuko ya mayai na kupewa estrojeni papo hapo, mafuta katika mishipa ya moyo wake yanapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini ukimwacha akae miaka miwili kwanza, akila chakula chenye mafuta, ndipo umpe homoni, hupati kitu. Miaka miwili ya kima ni kama sita ya mtu.

Kwa wanawake wenyewe majibu yalikuja kwa kishindo. Mwaka 1998 jaribio la wanawake 2,763 wenye ugonjwa wa moyo halikuonyesha kinga, na katika mwaka wa kwanza matukio ya moyo yalizidi kwa waliopewa homoni. Kisha Julai 2002 ukasimamishwa ule mradi mkubwa kabisa wa afya ya wanawake, sehemu yenye wanawake 16,608, baada ya wastani wa miaka 5.2. Kwa kila wanawake 10,000 wanaotumia estrojeni na projestini (homoni nyingine) kwa mwaka, waliongezeka 7 wenye matatizo ya moyo, 8 wenye kiharusi, 8 wenye damu iliyoganda mapafuni na 8 wenye saratani ya matiti. Kulikuwa na nafuu pia: nyonga zilizovunjika zilipungua, na saratani ya utumbo mpana. Namba 7 kati ya 10,000 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba mamilioni ya wanawake walikuwa wakimeza, wengi wakiamini inawakinga moyo. Wastani wa umri wa waliokuwamo katika jaribio ulikuwa miaka 63. Walikuwa kama kima wa kundi la pili, waliochelewa. Siku hizi madaktari huwapa homoni baadhi ya wanawake walio karibu na kukoma hedhi kwa ajili ya lile joto la usiku, wakiangalia hali ya kila mmoja. Kwa ajili ya kukinga moyo hawawapi.

Mtu anaweza kusoma haya akasema majaribio ya wanyama hayafai. Mimi sikubali, na sababu yangu iko Japani. Akira Endo, katika kampuni ya Sankyo, alichuja maelfu ya aina za ukungu na kuvu, na mwaka 1973 akapata kutoka kwenye ukungu mmoja kitu kinachozuia mwili kutengeneza kolesteroli, hatua za mapema kabisa za ule mstari wa mafundi. Akawapa panya. Kolesteroli haikushuka. Katika kampuni nyingi mradi ungefia hapo. Kisha alifahamiana na mwenzake aliyekuwa na kuku wa mayai, wanyama ambao kolesteroli yao huwa juu kwa sababu yai lina kolesteroli nyingi, na kuku wakasema ndiyo: ilishuka karibu nusu. Baadaye mbwa nao wakakubali. Kutoka katika njia hiyo zilikuja statini, dawa ambazo leo ziko katika hospitali zetu na zimeokoa watu wengi mno. Panya alisema hapana kwa ukweli wa panya, na kama Endo angeuchukulia kuwa ukweli wa kila mtu, tusingekuwa nazo.

Hata ule ukoo wa triparanoli ulizaa kitu chema. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilikuwa ikitafuta kidonge cha kuzuia mimba katika molekuli za aina hiyo, na mojawapo, tamoksifeni, ilizuia mimba za panya vizuri kabisa. Kwa wanawake ilifanya kinyume, ikaamsha mayai. Mradi kama ulivyopangwa ulikufa. Waliokuwa karibu na dawa hiyo hawakuitupa, wakaielekeza kwenye saratani ya matiti, na tangu miaka ya 1970 imekuwa tiba ya wanawake duniani kote. Mwanamke anayetibiwa saratani hiyo Ocean Road, Dar es Salaam, analijua jina lake. Hao walitazama kilichokuwa mbele yao badala ya kilichoandikwa kwenye mpango.

Jioni niliyompigia mama nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jengo moja la Zhanxi, maboksi yanavutwa kwenye mikokoteni, tepu za kufungia zinalia pande zote. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kama nimekula. Kisha akauliza dawa. Nilimweleza kuhusu karatasi, sungura majike, chakula chenye mafuta, wiki 12. Mama aliuza vitenge sokoni miaka 30. Maswali yake ni ya mtu aliyewahi kuuziwa jora lililooza katikati.

"Sungura wangapi?"

Nikamwambia: katika kundi lililopewa dawa, 10.

"Na akina mama?"

Karatasi haikuwa na mwanamke hata mmoja aliyefuatwa kwa ajili ya moyo. Wapo waliopimwa lile joto la ghafla, basi.

Alinyamaza kidogo. Nilisikia redio yake nyuma, taarifa ya habari.

"Na hao sungura, baada ya hizo wiki 12, waliendeleaje?"

Nilikuwa nimemuuliza yule kijana wa Kigoma swali hilohilo, kwa hiyo nilikuwa na jibu. Hawakuendelea. Katika majaribio ya namna hii mnyama huuawa siku ya mwisho, mshipa wake mkuu ukachanwa kwa urefu, ukalazwa bapa na kupakwa rangi nyekundu inayoshika mafuta, kisha wanapima sehemu iliyowiva wekundu ni kubwa kiasi gani. Hakuna njia nyingine ya kuona vizuri hivyo. Wiki ya 13 haikuwapo.

"Mimi nina wiki ya 13," mama akasema. "Uniletee kipimo cha presha, kile cha kufunga mkononi. Na Jumatatu nitarudi kliniki niwaulize zile dawa walizoniandikia mwanzo, ambazo sikuzichukua."